Bunduki ya Bluu ya Kitinda

Nakutegea, nawe usiwe na haraka. Kuna nyumba ina madirisha mawili ya mbele, yote mazima, yote yanafunguka. Mwenye nyumba hatoki, yumo humo siku zote. Lakini akitaka kumwona mgeni sawasawa huchungulia kwa dirisha moja tu. Lile lingine huliacha wazi kwa ajili ya mwanga. Nyumba gani hiyo? Usinipe mji bado. Weka jibu lako chini ya ulimi, nikupe kwanza habari za Fundi na mdogo wake.

Fundi alikuwa mshona nguo. Chumba chake cha kazi kilitazama barabara, na ndani yake mlikuwa na cherehani mbili, moja ya kushonea na moja ya kusingizia, maana kila nguo iliyochelewa ilichelewa kwa ajili ya ile ya pili. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye mikono mizuri na mdomo uliozoea kubana pini. Mteja akianza kulalamika, Fundi alijaza pini mdomoni akainama kwenye pindo. Huwezi kugombana na mtu mwenye pini mdomoni. Atakujibu "mm" na "mm-mm" mpaka uchoke uende zako.

Siku moja akaja mama mmoja mrefu, miwani yake ina kamba ya shingoni, amebeba koti la turubai lililochanika kiwiko. Koti gumu kama mlango.

"Hili ni la kuvaa au la kuegemeza ukutani?" Fundi akamwuliza.

"Ni la kulengea shabaha," yule mama akasema. "Linamshika mtu asitikisike. Na ninayo mengine yananingoja."

Huyo ndiye Kocha. Zamani alifanya kazi kwa daktari wa meno, akiwashika watu mabega wasiruke, na mpaka uzeeni akisema "tulia", hata kiti kilitulia. Sasa aliendesha klabu ya kulenga shabaha ndani ya ghala la zamani.

Fundi alipoyapeleka makoti huko aliwakuta watu wamesimama mstari kama miti ya uzio, kila mmoja na bunduki ya upepo begani, wanatazama vikaratasi vilivyobandikwa mwisho wa ukumbi. Kikaratasi hakizidi kiganja. Katikati yake doa jeusi, na katikati ya doa nukta. Hakuna kelele. Unasikia "tap", kama mtu ameangusha kifungo, na kijirisasi kidogo kama punje ya dengu kimeshafika. Kocha akampa bunduki moja ajaribu. Fundi akalenga, akashusha pumzi, akafyatua. Hakukumbuka hata risasi ilikwenda wapi. Alichokumbuka ni kwamba kwa muda ule wote hapakuwa na mtu wa kumwuliza, "Nguo yangu tayari?"

Akajiunga. Na kwa kuwa aliona haya kwenda peke yake miongoni mwa wageni, akamwomba mdogo wake amsindikize.

Mdogo wake aliitwa Kitinda, maana ndiye aliyefunga mlango wa tumbo la mama yao. Alikuwa karani wa mapokezi kwenye zahanati, msichana wa kucheka na kila mtu. Alizaliwa wakati mama yao ameshachoka kusema hapana, kwa hiyo yote aliyonyimwa Fundi utotoni, Kitinda alipewa kabla hajamaliza kuomba. Fundi alivaa magauni ya mama yaliyopunguzwa. Alipojifunza kushona, gauni jipya la kwanza alilolikata kwa mkono wake, likakaa vizuri mabega na kiuno, mama alilitazama akasema, "Hili lingempendeza Kitinda." Na kweli lilimpendeza. Hilo ndilo lililouma zaidi.

Basi Kitinda akaja ghalani kumsindikiza dada yake. Kocha, kwa adabu tu, akampa naye bunduki. Tap. Kocha akaenda kukitazama kikaratasi kwa karibu. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Umewahi kushika kitu hiki?"

"Mimi? Hata manati sijui," Kitinda akasema, akacheka.

Nukta ya katikati ilikuwa imetoboka kana kwamba mtu ameichoma kwa sindano. Watu wakaja kuangalia. Mmoja akapiga makofi. Fundi naye akapiga, viganja vikagongana, lakini moyoni mchanga ulikuwa umeshaingia. Mimi ndiye niliyemleta, alijisemea. Mimi ndiye niliyeyashona makoti yao. Mimi ndiye.

Kuanzia siku hiyo waliokuwa wakisema "Fundi na mdogo wake" wakawa wanasema "Kitinda na dada yake".

Siku ya kuchagua bunduki Kocha aliwaita wote wawili mbele ya kabati. Klabu ilikuwa na desturi yake. Anayeanza haruhusiwi kukimbilia kununua bunduki ya kwake. Huchagua moja ya klabu, anakaa nayo mpaka mwili wake ujue unataka nini. Akishachagua, inafungwa kitambaa kwenye kitako. Kitambaa kikishafungwa, hiyo ni ya mtu. Skrubu zake zimekaa kwa mwili wa mtu huyo, na hata Kocha mwenyewe huomba ruhusa kabla ya kuigusa. Vitambaa hivyo, nikwambie, alivikata na kuvipinda Fundi, kwa mabaki ya kazini kwake.

"Kwanza macho," Kocha akasema. "Nyoosheni mikono, viganja vipandane, acheni kitundu katikati. Itazameni ile saa ya ukutani kupitia kitundu. Haya, rudisheni mikono usoni polepole, msiiache saa. Kitundu kimefika jicho lipi?"

Fundi hakuwa akitazama saa. Alikuwa akimtazama Kocha, aliyemshika Kitinda kidole gumba na kukinyoosha kwa upole, kama anashika yai.

"La kulia," Kitinda akasema.

"La kulia," Fundi naye akasema, kama mtu anayeitikia dua asiyoisikia.

"Vizuri. Sasa bunduki. Msichague kwa macho kama mnachagua viatu. Ishike, fumba macho, inyanyue mpaka begani, laza shavu. Ukifumbua macho ukajikuta unaona kwenye kitundu cha kulengea bila kuhangaisha shingo, mmeelewana. Ukajikuta unaitafuta, iache, si yako. Kitako kikiwa kirefu utainama nyuma, kikiwa kifupi utajikunja. Uzito usiwatishe, uzito unatuliza. Nani anaanza?"

"Tangulia wewe," Fundi akamwambia mdogo wake, na maneno hayajafika chini alishayajutia.

Kitinda akajaribu moja, akajaribu ya pili, kisha akaitoa moja ya bluu, ya chuma chepesi, yenye kibao cha shavu kinachopanda na kushuka kwa skrubu. Akafumba macho, akainyanyua, akafumbua.

"Hii," akasema.

Mpaka dakika ile Fundi hakuwa ameiona bluu. Ilikuwa imesimama kabatini na nyingine. Lakini mkono wa Kitinda ulipoishika ikawa hakuna bunduki nyingine duniani. Rangi ile. Ule mng'ao. Angeitoa yeye kwanza ingekuwa yake, na yeye mwenyewe, kwa ulimi wake, ndiye aliyesema tangulia.

"Na wewe Fundi?"

"Yoyote," akasema.

"Yoyote haipigi shabaha."

"Basi ile nyeusi."

Ile nyeusi ilikuwa inafanana kidogo na ya bluu, na hiyo ndiyo sababu yake yote. Chini kabisa ya kabati kulikuwa na moja ya mbao, kuukuu, kibao chake cha shavu kiko upande usio wa wengine. Wanachama waliiita Mkaidi, maana kila aliyeiinua ilimkataa. Fundi aliipitishia macho kama unavyopitisha macho kwa jamaa usiyetaka akuombe nafasi ya kukaa.

Sasa sikiliza jambo lenyewe. Yalikuwa yanakuja mashindano ya klabu, na timu ya wanawake ilikuwa na nafasi moja ya anayeanza. Kocha alisema nafasi hiyo ataipata mmoja wa ndugu hawa wawili, na wataishindania Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Akampa Fundi turubai jipya, zito, la kushona koti la huyo atakayeingia. "Kata ukishajua ni la nani," akamwambia. Fundi akaliweka rafuni juu ya mashine. Kila alipoinua kichwa kutoka kwenye kazi ya watu, lile turubai lilikuwa likimtazama, na yeye akilitazama, wote wawili wanajiuliza mabega ya nani.

Mama yao naye hakusaidia. Wakienda kumwona siku ya mapumziko, kabla hawajaketi ataanza: "Haya askari wangu, nani kashinda?"

"Hatushindani bado, Mama," Kitinda anasema.

"Nasikia wewe hukosi. Hata mtoto wa jirani kaniambia." Kisha anamgeukia Fundi: "Na wewe je, macho yanaendeleaje? Kushona kunamaliza macho."

"Macho yangu mazima."

"Sijasema si mazima. Nimesema kushona."

Kitinda akacheka. Hakucheka kwa ubaya, masikini, alizoea kumcheka mama. Lakini Fundi aliweka kijiko chini, na chakula chote kilichobaki alikitafuna kama turubai.

Ile bunduki nyeusi haikumsikia. Alilenga katikati, risasi zikaenda pembeni, siku zote pembeni ileile, kama mbuzi wanaojua njia ya shamba la watu. Fundi akajiambia kosa si lake, ni la bunduki. Ya bluu ina kitu. Akaanza kufikiri: kama siwezi kuipata yenyewe, si naweza kukata nyingine kwa kipimo chake?

Na huyu, kumbuka, ni mshona nguo. Huyu ni mtu aliyewahi kuambiwa na mteja, "Nikatie kama lile la jirani yangu, hivyohivyo, usiongeze usipunguze," akacheka mpaka akakaa. Alimwambia yule mteja, "Mama, jirani yako ana mabega yake na wewe una yako, nikikukatia lake utalivaaje?" Akawasimulia watu kisa hicho mwezi mzima. Lakini kijicho kikishaingia, mtu husahau hata kazi yake mwenyewe.

Alasiri moja alifika klabuni mapema. Kocha yuko uani anabandika vikaratasi kwenye mbao. Kitinda yuko zahanati. Fundi akafungua kabati, akaitoa ya bluu, ina kitambaa chake kitakoni, chekundu chenye pindo jembamba, pindo alilolishona mwenyewe. Akatoa futi yake ya kazi na kipande cha chaki. Akapima kitako urefu. Akapima kutoka bega mpaka kitundu cha kulengea. Kibao cha shavu kilimshinda kukipima kikiwa kimekaza, kwa hiyo akachukua kabatini kispana kidogo kilichopinda, cha kukazia skrubu, akalegeza skrubu, akakivuta, akaweka futi.

Kocha akakohoa uani.

Fundi akakirudisha haraka, akakaza. Kisha akatazama. Kilikuwa kimepanda. Si sana, kama unene wa pindo la gauni. Mtu mwingine asingeona, lakini jicho la mshonaji linajua pindo. Alikuwa na nafasi. Hatua za Kocha zilikuwa bado mbali, na kispana bado kiko mkononi.

Akafuta chaki kwa ukingo wa khanga yake, akairudisha bunduki kabatini, akafunga mlango.

Wiki ile Kitinda alianza kukosa. Risasi zake, zilizokuwa zikirundikana kama kuku waliomwagiwa mtama, zikatawanyika. Akapumzika, akajaribu tena, zikatawanyika zaidi. Akawa anajisugua shingo.

"Inaniuma upande huu, Kocha."

"Wote wanaoanza hupanda kisha wakashuka," Kocha akamwambia. "Unafikiri sana sasa. Siku ya kwanza hukufikiri. Kapumzike."

Na Fundi? Nisikufiche, Fundi alilala vizuri. Aliamka akiimba. Alimaliza nguo zilizokuwa zikidaiwa tangu enzi, wateja wakashangaa. Bunduki nyeusi, iliyokazwa sasa kwa vipimo vyote vya bluu, bado ilimpeleka pembeni, lakini pembeni yake na kutawanyika kwa Kitinda vilikuwa vimekaribiana, na hilo lilimtosha. Hakuhitaji yeye kupanda. Ilimtosha mwenzake kushuka.

Siku moja Kitinda alipita dukani akitoka kazini, bado ana sare ya zahanati. Fundi alikuwa amepiga magoti mbele ya mteja, anapanga pindo la sketi, mdomo umejaa pini.

"Dada," Kitinda akasema, akaegemea mlango. "Nikuulize kitu. Kuna mtu ameigusa bunduki yangu?"

Fundi akachomeka pini moja kwenye sketi.

"Maana naona kama si yenyewe. Nikiweka shavu ni kama mto wa kitanda cha mtu mwingine. Wewe unafika mapema. Hukuona mtu?"

"Mm," Fundi akasema.

"Mm ndiyo au mm hapana?"

"Mm-mm."

Mteja akacheka. "Mwache dada yako, atameza pini atufie hapa." Kitinda naye akacheka, akasema haya, tutaongea, akaenda zake. Fundi akabaki na goti kwenye sakafu. Swali lilibaki mlangoni pale lilipoachwa, na kwa siku kadhaa kila alipoutazama mlango alilikuta.

Siku mbili kabla ya ile Jumamosi, Kocha alimwita Fundi ghalani. Koti la mwanachama mmoja lilikuwa limefumuka bega, halikuweza kungoja. Fundi akakaa kwenye benchi chini ya taa, akatoa uzi na sindano. Akainua sindano kutunga uzi, akaileta upande wa kushoto wa uso, akafumba jicho la kulia kabisa, uzi ukapita mara moja.

Kocha alikuwa amesimama mbele yake.

"Rudia."

"Nirudie nini?"

"Toa uzi, tunga tena."

Fundi akarudia. Sindano ikaenda kushoto yenyewe, kama ng'ombe anavyojua zizi.

"Weka kazi chini. Nyoosha mikono. Viganja. Kitundu. Itazame saa." Kocha akasimama kando yake, sauti yake ile ya kwa daktari wa meno. "Tulia. Rudisha polepole."

Mikono ikarudi. Kitundu kikapita pua, kikaenda kutulia juu ya jicho la kushoto.

"Siku ile uliniambia la kulia."

Fundi akashusha mikono.

"Siku ile ulitazama saa, Fundi, au ulimtazama mdogo wako?"

Hapo ndipo unapotakiwa kunijibu kile kitendawili changu, kama bado umekiweka chini ya ulimi. Nyumba ni kichwa, madirisha ni macho, na mwenye nyumba ana moja analolipenda. Fundi alikuwa na la kushoto tangu azaliwe. Muda huo wote alikuwa akijilazimisha kuchungulia kwa dirisha la mdogo wake.

Kocha akainama chini ya kabati, akaitoa Mkaidi, akaipangusa vumbi. "Hii ilitengenezwa kwa mtu wa kushoto. Haikumkataa mtu kwa ubaya, ilikuwa inamtafuta wake. Fumba macho. Bega la kushoto."

"Mimi mkono wangu ni wa kulia."

"Kwenye cherehani, mkono gani unaongoza kitambaa karibu na sindano?"

"Wa kushoto. Wa kulia unazungusha gurudumu."

"Basi huo ndio tunaoutaka kwenye kifyatulio."

Fundi akafumba macho, akainyanyua. Ilikuwa nzito, na uzito wake ukamshukia mwilini kama koti lililokatwa sawasawa. Akalaza shavu. Akafumbua. Kitundu kilikuwa pale, na ndani ya kitundu doa jeusi limekaa kama kifungo kwenye tundu lake. Hakutafuta kitu. Tap. Tap. Tap. Kocha alipokileta kikaratasi, tundu tatu zilikuwa zimeshikana, karibu kabisa na nukta.

"Haya," Kocha akasema. Akaifungia Mkaidi kitambaa palepale.

Ungedhani roho yake itatulia. Alipata cha kwake, cha mwili wake, na alikijua hivyo, maana hata alipokuwa akirudi nyumbani bega lake lilikuwa bado linaisikia ile mbao. Lakini kabla hajatoka ghalani, alipopita mbele ya kabati, alisimama tena kuitazama ya bluu. Bado ilikuwa ya bluu. Bado ilikuwa ya Kitinda.

Ijumaa alasiri Kitinda alikuja dukani. Hakucheka na mteja aliyekuwa akitoka. Akasogeza kiti, akakaa karibu na cherehani ya kusingizia.

"Nimetoka kwa Kocha. Nimemwambia kesho sitalenga."

Fundi akasimamisha gurudumu kwa kiganja. "Kwa nini?"

"Sijui kulenga, Dada. Siku zile ilikuwa bahati tu. Shingo inaniuma, usiku nafunga macho naona doa jeusi linanikimbia. Kocha amesema basi nafasi ni yako. Ameniambia nikwambie ukate koti." Akalitazama turubai rafuni. "Na ile ya bluu ichukue wewe. Najua uliipenda. Nilikuona siku ile, nikajifanya sikuoni. Nilitaka na mimi niwe na kitu nilichochagua mwenyewe. Maisha yangu yote navaa ulivyonikatia wewe."

Fundi alimtazama. Hilo la mwisho lilikuwa geni kwake, akaliweka kando alitazame baadaye. Maana moyo wake, usimlaumu sana, ulikuwa umeruka kwa neno lile lingine. Ichukue wewe. Nafasi yake, koti lake, ya bluu yake. Yote kwa alasiri moja, na hakuna aliyemnyang'anya mtu.

Akalishusha turubai. Alikuwa amejua vipimo vyake siku nyingi, akakata bila kuweka alama, mkasi unalia kama mtu anayekanyaga changarawe. Akaunga vipande kwa mshono mrefu wa kujaribia, akalivaa. Lakini mshonaji hawezi kujipachikia pini mgongoni mwake mwenyewe.

"Nisaidie," akasema.

"Nipe pini."

Fundi akazitia pini mdomoni, kama desturi yake, akasimama mbele ya kioo akimpa kisogo mdogo wake. Akawa anatoa moja moja mdomoni na kumpitishia juu ya bega. Utotoni ilikuwa hivyo hivyo, ila kinyume: Kitinda akikaa chini ya meza kumpitishia nyuzi, akiuliza maswali yasiyokwisha. Kitinda akapokea pini, akabana mshono wa bega. Akapokea nyingine, akabana mgongo. Vidole vyake vilikuwa vyepesi, havikumchoma hata kidogo.

"Linakukaa vizuri," Kitinda akasema. "Geuka kidogo. Hapo."

Pini nyingine. Kwenye kioo Fundi alijiona amesimama kama mlango mpya, na nyuma ya bega lake uso wa Kitinda umeinama, ulimi umetoka pembeni mwa mdomo kama alipokuwa mdogo. Shingoni, upande ule, alikuwa amebandika plasta ya dawa ya maumivu, ya kule zahanati.

"Dada, wajua sikujibiwa lile swali langu."

Pini nyingine ikapita juu ya bega.

"Nilimwuliza Kocha, akasema mwenye kitambaa ndiye anayegusa. Nikawauliza wengine. Hakuna. Basi ni mimi tu. Lakini nataka kusikia kwako kisha niache, nisije nikakaa miaka najiuliza. Kuna mtu aliigusa?"

"Mm," Fundi akasema.

"Usinifanyie mm. Nipe pini."

Akampa. Zilibaki mbili mdomoni. Akampa moja, Kitinda akaibana chini ya mkono. Koti lilikuwa limeshika mwili wote sasa, mabega, mgongo, kiuno. Halikuwa na kasoro. Gauni lile la zamani nalo halikuwa na kasoro.

"Moja tu, tumemaliza," Kitinda akasema, akanyoosha mkono juu ya bega la dada yake, kiganja wazi, akingoja.

Fundi akaitoa ya mwisho kati ya midomo. Akaishika. Hakumpa. Akaichomeka kwenye mto wa pini ulio juu ya cherehani. Akageuka, turubai likalia kwa ugumu wake, akamtazama mdogo wake uso kwa uso, mdomo mtupu.

"Ni mimi," akasema. "Nililegeza kibao cha shavu nikipime, nikakirudisha juu ya pale kilipokuwa. Niliona kimepanda, Kitinda. Niliona, na kispana nilikuwa nacho mkononi."